Kumtambua mdudu kwa picha ya simu: piga sehemu gani, uangalie nini

Picha inayoletwa mara nyingi kuliko zote ni ya mgongo tu, imepigwa na mtu aliyesimama, mdudu akiwa kadoa katikati ya majani. Haisaidii. Kila kundi la wadudu lina sehemu yake inayolitambulisha, na sehemu hiyo isipoonekana, hata mtaalamu ataishia kusema "nzi fulani".

Simu nyingi za kawaida hazioni vizuri kitu kilicho karibu mno. Ukiisogeza hadi sentimita 4 au 5, majani ya nyuma yataonekana safi na mdudu mwenyewe atakuwa ukungu. Kaa sentimita 10 hadi 15, gusa kioo pale lilipo jicho la mdudu, subiri simu itulie, kisha piga picha tano au sita mfululizo. Usivute kwa zumu. Picha ikate baadaye. Flashi nayo huufanya mgongo wa mbawakawa ung'ae kama kioo, na mistari yote ikapotea. Ukilazimika kuitumia, funika taa kwa karatasi ya tishu. Mwanga bora ni wa kivulini au wa siku ya mawingu, na saa nzuri ni asubuhi mapema, wadudu wengi wakiwa bado wazito kwa baridi.

Piga mgongo, ubavu na uso. Akiwa kwenye kioo cha dirisha au ndani ya chupa angavu, piga na tumbo. Angalau picha moja iwe na rula kando yake, maana kidole si kipimo: cha nani, na kinene kiasi gani? Andika tarehe, mahali na mmea aliokuwa juu yake. Kwa kiwavi, mmea ni nusu ya jina. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ikienda kama picha ya kawaida hubanwa, na taarifa za mahali na saa ilipopigwa hufutika.

Sasa hesabu. Miguu sita ni mdudu kamili. Minane ni buibui, kupe au jamaa zao. Kisha mabawa, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wako nzi wenye mistari ya njano na nyeusi wanaopitishwa kila siku kuwa nyuki au nyigu. Nzi ana mabawa mawili tu, nyuki ana manne, lakini picha huficha hilo kwa sababu mabawa ya nyuki hushikana. Basi tazama uso: nzi hao wana vipapasio (vile viuzi viwili vya kichwani) vifupi mno na macho yanayokaribia kujaza kichwa kizima, ilhali vya nyuki ni virefu na vimekunjika kama kiwiko. Kumbikumbi na chungu wenye mabawa hutenganishwa vivyo hivyo. Kumbikumbi ana vipapasio vilivyonyooka kama uzi wa shanga, kiuno kinene na mabawa manne yanayolingana. Chungu ana vipapasio vyenye kiwiko, kiuno chembamba, na mabawa ya mbele makubwa kuliko ya nyuma.

Mbung'o hutambulika zaidi anapotua. Hulaza mabawa moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na mdomo wake huchomoza mbele ya kichwa. Chafuo huacha mabawa yametanuka kidogo. Picha ya juu ya mbung'o aliyetulia inatosha. Ya mbung'o aliyebondwa mara nyingi haitoshi.

Kwa kiwavijeshi vamizi kwenye mahindi, wakulima hutafuta alama ya Y iliyopinduliwa usoni. Alama hiyo peke yake isikudanganye, kwani kiwavijeshi wa siku zote anaweza kuwa na inayofanana nayo. Piga sehemu ya nyuma: madoa manne meusi yaliyopangwa mraba kwenye pingili ya pili kutoka mwisho ndiyo yanayomaliza ubishi. Kiwavi mchanga bado hayaonyeshi vizuri, kwa hiyo chagua mkubwa.

Panzi, nzige na senene: anza na vipapasio. Vya senene ni uzi mrefu kuliko mwili wake, vya nzige ni vifupi. Nzige wa jangwani ana kijigingi kooni, kati ya miguu ya mbele, ambacho nzige mhamaji hana. Ndiyo maana picha ya chini inahitajika. Rangi haina msaada mkubwa, kwa kuwa nzige huyohuyo wa jangwani akiwa katika kundi huwa wa pinki ujanani na wa njano anapokomaa.

Vipepeo ndio wanaopigwa sana na kukosewa sana. Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa anayeonekana karibu kila shamba, ana sumu, na jike la Hypolimnas misippus humwiga hadi ncha za mabawa. Afrika Mashariki wapo hata Danaus wasio na weusi kwenye ncha, na misippus ana umbo linaloiga hao pia. Subiri afungue mabawa, kisha hesabu madoa meusi kwenye bawa la nyuma: Danaus ana matatu au manne kuelekea katikati, misippus ana moja tu kwenye ukingo wa mbele.

Programu za simu za kutambua viumbe kwa picha, kama iNaturalist, zinasaidia, lakini pendekezo la kwanza linaweza kuwa spishi ya Marekani au Ulaya, maana picha za huko ni nyingi zaidi. Kabla ya kubonyeza kukubali, angalia kama spishi hiyo imewahi kuonekana barani Afrika. Usipoona alama inayotenganisha, panda ngazi: andika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu), au familia, iliyo pana zaidi. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, wote mbu waenezao malaria, hawatenganishwi hata kwa darubini, ni kwa kipimo cha vinasaba tu. Mbu huyo akitua ukutani, mkia juu na kichwa chini, picha yake iandikwe Anopheles na iachwe hapo.