Moli ni korja tu: gramu, lita na moli bila kuumwa kichwa

Mdogo wangu yuko form tatu, juzi baada ya isha tumekaa barazani akaniletea daftari la kemia uso umemvimba, "kaka hizi moli mi sizielewi hata kidogo." Nikamuuliza korja ni nini. Akacheka, "korja si ni boriti ishirini?" Haya, nikamwambia, ushaelewa nusu.

Ukienda kununua miti ya kujengea, korja ya fito waibeba begani, korja ya boriti yataka mkokoteni, na zote ni ishirini. Idadi moja, uzito mbali mbali. Moli ndo hivo hivo, ila atomu ni ndogo mno kuhesabu kwa ishirini ishirini, kwa hivo wakachukua 6.02 × 10²³. (Tangu 2019 hiyo namba imefungwa rasmi, ni 6.02214076 × 10²³ kamili, lakini kwa hesabu za shule 6.02 yatosha, na mara nyingi hata huihitaji kabisa.)

Sasa uzito. Mwalimu wa fizikia atanuna, ataka niseme tungamo, leo tuvumiliane. Moli moja ya kitu ina uzito gani? Angalia kwa jedwali la elementi, jumlisha, weka gramu. Chumvi ya kula ni NaCl, sodiamu 23, klorini 35.5, jumla 58.5, yani moli moja ya chumvi ni gramu 58.5. Maji ni H₂O, 1 na 1 na 16, gramu 18. Basi. Hapa watu huteleza kwenye mabano, huyu wangu alipiga Ca(OH)₂ akapata 57, amejumlisha 40 na 16 na 1 akaenda zake, kumbe ile 2 ya nje ya mabano yazidisha kila kitu kilicho ndani, ni 40 na 17 mara mbili, 74. Ukikosea hapa kila kitu cha mbele kimeoza, na kalkuleta haitakwambia.

Ukishapata hiyo, gramu kwenda moli wagawanya, moli kwenda gramu wazidisha. Ukisahau ipi ni ipi rudi kwa fito: mzigo wote kilo 60, korja moja kilo 20, ni korja ngapi? Tatu, na hakuna mtu aliyekufundisha formula. Mfano maji ya bahari, lita moja ina kama gramu 35 za chumvi, tujifanye yote ni NaCl (si kweli, kuna magnesiamu na wenzake mle), 35 gawanya kwa 58.5 wapata kama moli 0.6. Ukivuka na feri ukaangalia chini, kila lita mle ndani ina hiyo 0.6.

Ujazo ndo unaosumbua watu, kwa sababu kuna njia tatu na wao hutumia moja kwa zote.

Kitu kikiwa maji maji usiende moli moja kwa moja, kwanza tafuta uzito. Bibi zetu walipima kwa pishi na walijua pishi ya mchele na pishi ya kahawa iliyokaangwa hazilingani mizani, ni yale yale, kila kitu na densiti yake, yani gramu ngapi ziko kwa kila mililita. Mililita zidisha kwa densiti wapata gramu, halafu gramu gawanya kama kawaida. Chupa ya maji ya nusu lita: ml 500 mara 1 ni gramu 500, gawanya kwa 18, moli 27.8. Ethanoli safi ml 100: densiti yake 0.79, kwa hivo gramu 79, gawanya kwa uzito wa moli yake, 46, moli 1.72.

Gesi ndo rahisi kuliko zote na watu huiogopa bure. Mtaliano mmoja Amedeo Avogadro mwaka 1811 alisema gesi zozote zikiwa ujazo sawa, joto sawa na presha sawa, zina idadi sawa ya molekuli, iwe haidrojeni iwe kaboni dayoksaidi. Kwa hivo moli moja ya gesi yoyote ni lita 22.4 kwenye nyuzi 0 na presha ya kawaida, ama lita 24 kwenye joto la chumba, swali lenyewe litakwambia utumie ipi. Nyuzi 0 Mombasa utaipata ndani ya friza tu, na hata hiyo 24 ni ya chumba cha watu wa baridi, kwa nyuzi 30 zetu hesabu yaja karibu lita 24.9, lakini usiandike hivo kwa mtihani ukaniletea lawama.

Na tafadhali 22.4 usiipeleke kwa maji maji. Ile nusu lita ya maji ukigawanya kwa 22.4 wapata moli 0.022, badala ya 27.8, umepoteza zaidi ya mara elfu. Molekuli za gesi zimetawanyika mbali mbali, za maji zimebanana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni.

Ya tatu ni kitu kilichoyeyushwa. Hapo ni molariti, yani moli ngapi ziko kwa kila lita, mara lita. LITA, si mililita, mimi hapa ndo nilipouawa nikiwa shule, ml 250 za molariti 0.2, nikaweka 250 nzima nzima nikapata moli 50 za sodiamu haidroksaidi, yani kilo mbili ndani ya chupa ndogo ya maabara, na sikushtuka hata. Sawa ni 0.2 mara 0.25, moli 0.05, mara 40 ya uzito wa moli yake, gramu 2.

Sasa swali lenye kuchanganya yote. Kutoka gramu za kitu hiki kwenda lita za kile lazima uvuke kwa moli, na hapa hakuna Dongo Kundu, ile barabara ya kuikwepa feri ya Likoni, ya kuzungukia. Chukua chokaa, ile ya kuchoma mawe ya matumbawe iliyojenga Mji wa Kale. Jiwe ni CaCO₃, ukilichoma lageuka CaO, ndo chokaa yenyewe, na CO₂, kila moli moja ya jiwe yatoa moli moja ya CaO na moja ya CO₂. Jiwe kilo moja, tulichukue kama CaCO₃ tupu, ni gramu 1000, uzito wa moli ni 40 na 12 na 48, yani 100. Moli 10. Kwa hivo CaO moli 10, mara 56, gramu 560, na CO₂ moli 10, mara 24, lita 240 ikishapoa kwenye joto la chumba. Ukitaka kuhakikisha, CO₂ moli 10 mara 44 ni gramu 440, weka juu ya zile 560, kilo yako imerudi.

Mdogo wangu akaangalia ukuta wa jirani, akauliza kwa hivo hizi nyumba zote zilipojengwa karibu nusu ya jiwe lilipaa hewani? Nikamwambia jiwe la chokaa, ndio, mawe ya ukuta yenyewe hayakuchomwa, haya lete swali la pili.