Tenda imetoka, uingie au uiache? Kwa wenye ofisi ndogo za ushauri wa ujenzi

Wakuu, hii ni kwa wenye ofisi ndogo za wasanifu, mainjinia na QS (wakadiriaji majenzi) hapa Tanzania, zile ambazo bosi ndo huyohuyo anachora, anaenda saiti na anafukuzia malipo. Tenda za serikali siku hizi ziko NeST, ule mfumo wa manunuzi wa serikali mtandaoni, kila siku unaona kitu kipya na mkono unawasha kuomba. Kabla hujaomba kaeni nusu saa mjibu maswali yafuatayo.

La kwanza, nani atafanya hiyo kazi. Sio sivii ya nani itawekwa, ni nani ATAFANYA. Kwenye kazi za ushauri maksi nyingi ziko kwa watu na uzoefu wao, ndo maana wote tunaweka sivii ya injinia yuleyule mzoefu ambae tayari yuko bize Dodoma. Sasa ukishinda mteja anamtaka huyohuyo, kumbadilisha ni barua na maelezo na mbadala asiwe na sifa pungufu. Chora kalenda ya miezi 6 ijayo uandike majina, jina moja likitokea kwenye kazi 3 kwa wakati mmoja, tenda umeshapata jibu lake.

Pili hela, na hapa ndo ofisi nyingi zinafia huku kazi zipo. Chukua mfano kampuni inajenga apatimenti, ada yako milioni 60 bila VAT, malipo ya kwanza 30%. Unatoa invoisi ya milioni 18 na VAT juu yake 18%, yaani 3,240,000. Ukishaitoa tu VAT imeshahesabika, ritani (taarifa na malipo ya VAT kwa TRA) ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe kalipa au bado anakuzungusha. Utasema utakata VAT ya manunuzi, manunuzi gani, gharama yako kubwa ni mishahara na mishahara haina VAT! Halafu siku akilipa anakata 5% ya kodi ya zuio (kodi yako anayoizuia yeye na kuipeleka TRA), laki 9 hiyo. Kwa hiyo swali sio faida ni shilingi ngapi, swali ni je mnaweza kulipa mishahara miezi minne mteja huyu asipotoa hata mia? Kama hapana, ombeni malipo ya awali au muache. Na kwenye mkataba iandikwe mteja ana siku ngapi za kuikubali au kuikataa ripoti, maana wengine wanaikalia tu na malipo yako yanasimama.

Usimamizi wa saiti ndo mtego mbaya kuliko yote kwa maoni yangu. Ukikubali bei moja ya jumla alafu mkandarasi akachelewa miezi 5, injinia wako bado yupo saiti anakula, analala, anatumia gari, na ada ni ileile. Weka bei kwa mwezi, wakigoma basi andika ada ni ya miezi mingapi na mwezi wa ziada ni bei gani.

Kuhusu ubia na ofisi nyingine, sawa tu, ila kwenye ubia wa kawaida mwenzako akikimbia mteja anakudai wewe kazi yote. Kubalianeni kwa maandishi nani kiongozi, hela inaingia akaunti ipi na nani anasaini, na hayo yote mmalize kabla tenda haijafungwa.