Jinsi ya kuandika stori ya mchawi mpelelezi bila uchawi kukuharibia kesi

Watu wengi wakitaka kuandika hizi stori za upelelezi mwepesi, zile za mji mdogo, duka la mishumaa, paka mweusi na mwanamke mchawi anayehangaika kujua nani kamuua nani, wanaanza na mchawi. Wanampa nguvu, wanampa bibi aliyemwachia kitabu cha dawa, wanampa paka anayeongea, alafu wakifika sura ya tano wanakwama, maana kama huyu dada anaweza kuongea na marehemu si amuulize tu aliyemuua ni nani watu wakalale? Mi nakushauri uanze na mauaji. Chukua karatasi moja, andika nani kafa, nani kaua, kwa nini, saa ngapi, na kosa moja ambalo muuaji kalifanya bila kujijua. Mchawi hajaingia bado. Ukiona kesi inaeleweka na inamalizika bila yeye ndo umwite.

Mwaka 1929 kasisi mmoja Mwingereza, Ronald Knox, ambaye naye alikuwa anaandika hadithi za upelelezi, alitoa sheria kumi za kazi hii na mojawapo ilikuwa kupiga marufuku mambo ya mizimu na nguvu za ajabu. Sasa sisi tunaivunja hiyo sheria ukurasa wa kwanza tu, sawa, ila sababu yake bado ni ya kweli kabisa: msomaji anataka nafasi ya kumkamata muuaji kabla ya mpelelezi, na akigundua umemficha kitu nyuma ya uchawi anajiona kadhulumiwa. Kwa hiyo uchawi unaruhusiwa kufungua swali, hauruhusiwi kulijibu.

Mji wa kujifunzia hii kanuni ni Salem, Massachusetts, kaskazini ya Boston, treni kama nusu saa. Pale polisi wenyewe wana nembo ya mchawi kapanda ufagio na timu za sekondari ya mji zinaitwa Wachawi, na Oktoba watu wanafurika mpaka huna pa kupaki gari. Ni raha tupu kwa mwandishi. Lakini mwaka 1692 watu 19 walinyongwa kwenye eneo lile kwa kesi za uchawi (hakuna aliyechomwa moto, hilo watu wanakosea sana), na mzee Giles Corey akakandamizwa na mawe mpaka akafa kwa kukataa kujibu mashtaka. Na waliponzwa na nini? Mahakama ilikubali ushahidi wa mzuka, yaani shahidi anasimama anasema nimeona roho ya fulani ikininyonga usiku, basi, imepita. Mahakama mpya iliyoanza Januari 1693 ikaukataa ushahidi wa namna hiyo na karibu wote waliobaki wakaachiwa. Sasa fikiria mchawi wako anaishi mji huo huo, anaijua hiyo historia kuliko mtu yeyote, na paka wake kamwambia kitu kuhusu muuaji. Atakipeleka polisi? Hawezi! Na sio kwamba mwandishi kamkataza, yeye mwenyewe moyo haumruhusu. Hapo ndo stori inapopata uzito wake, lazima atafute kitu cha mkononi.

Tuchukue mfano nikuoneshe inavyofanyika. Mwenye jengo la maduka kakutwa amekufa stoo Jumatatu jioni, wiki moja kabla ya sikukuu ya Halloween (ile ya mwisho wa Oktoba, ya mizimu na wachawi), na paka wa mchawi alikuwa humo ndani. Mpe paka uwezo wa kusema ila mpe akili ya paka, paka hajui majina ya watu, hajali saa, haoni sura ya mtu aliyesimama juu ya ngazi, anachokumbuka ni miguu, sauti na harufu. Anasema tu, yule mtu alinuka karafuu. Ndo hivyo, hana zaidi. Uchawi umefanya kazi, na mchawi yuko gizani kuliko alivyokuwa asubuhi.

Oktoba Marekani nani ananuka karafuu? Mwoka mikate, maana pai ya maboga inatiwa mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu, na huyu mwoka mikate aligombana na marehemu kuhusu kodi ya pango mbele za watu. Mji mzima unamnyooshea kidole. Msomaji naye ataenda huko, mwache aende, mpe hata sura tatu. Wakati huo kwenye sura ya pili ulishaweka kitu kidogo sana, mchawi analalamika jino na anapewa miadi ya Alhamisi kwa sababu daktari anasema Jumatatu kliniki ilijaa mchana kutwa. Karafuu ndo harufu ya kliniki ya meno, mafuta yake yanatuliza maumivu na yamo kwenye dawa ya kuzibia meno kwa muda. Alafu baadae mama mmoja dukani anasema kwa kupita tu kwamba Jumatatu alasiri aligonga kliniki pakawa pamefungwa. Umeona? Harufu imetoka kwa paka, ila kinachomfunga daktari ni uongo wake na kitabu cha miadi, vitu ambavyo polisi anaweza kuvishika. Sababu ya kuua iwe ya kawaida ya mjini, deni, jengo linauzwa, siri ya zamani ya biashara. Usilete jini kutoka shimoni.

Karafuu sikuiokota tu. Meli za Salem zilikuwa zinakuja Unguja tangu miaka ya 1820 kufuata sandarusi na pembe za ndovu, konsuli wa kwanza wa Marekani aliyefika Zanzibar mwaka 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem, na kitambaa cha marekani walichovaa mabibi zetu jina lake limetoka huko. Mji ukiuchimba hivi unakupa vitu vyenyewe, huna haja ya kubuni kila kitu.

Kuhusu damu, weka mauaji nje ya macho ya msomaji na marehemu asiwe mtu tuliyempenda sana. Chakula kiwepo, majirani wawe wambeya wenye roho nzuri, polisi asiwe mjinga, na mapenzi yaende polepole.

Kuna jambo moja naliwekea mkazo kwa sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Neno mchawi kwetu lina majeraha. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka na miaka, na Kilifi wazee wameuawa na ndugu wa damu yao wenyewe, mara nyingi nyuma yake kuna ugomvi wa shamba. Kwa hiyo sura ya kwanza tu mwoneshe mchawi wako anafanya nini hasa, anachemsha majani, anawasha mishumaa, anamsaidia jirani alale usingizi, na asimdhuru mtu hata akichokozwa. Na kamwe usimfanye bibi kizee anayeshukiwa kuwa kichekesho, hata kwa mistari miwili. Ukitaka kicheko kichukue kwa paka, kwa mwoka mikate, kwa mkutano wa baraza la mji unaogombania rangi ya mataa.

Ukimaliza rasimu chukua kalamu nyekundu, kata kila mahali uchawi ulipomwambia mpelelezi kitu, kisha mpe rafiki asome kilichobaki. Akiweza kumtaja daktari wa meno kwa ushahidi uliobaki, rudisha paka wako kwenye kiti chake. Akishindwa, rudi sura ya pili kwenye ile miadi ya Alhamisi uiweke wazi zaidi kidogo.