Kuwinda pronghoni majimbo mawili kwa likizo ya wiki moja: fuata barabara ya 59

Wakuu, hii ni kwa wale mlioko Marekani ambao likizo ni siku chache za kuhesabu, yaani sisi wabeba boksi, halafu unataka kwenda kuwinda pronghoni (yule mnyama wa nyika za huku anayefanana na swala) na jimbo moja halikutoshi. Inawezekana kabisa, lakini kwenye safari ya hivi mnyama ndo sehemu rahisi. Kinachowashinda watu ni kalenda ya leseni, ardhi ya nani ni ya nani, na nyama ya mnyama wa kwanza utaiweka wapi wakati unamtafuta wa pili. Ukipanga hayo matatu, mengine yanakuja yenyewe.

Kwanza majimbo. Pronghoni wapo majimbo mengi ya magharibi, ila kwa mgeni anayetoka jimbo lingine sio kote kunaingilika. Arizona, Utah, Nevada, huko watu wanakusanya pointi za kuongeza nafasi kwenye dro ya leseni miaka na miaka, huwezi kupanga likizo ya mwaka huu kwa kitu kama hicho. Ninachoshauri mimi ni Wyoming na Montana, kwa sababu Wyoming ndo ina pronghoni wengi kuliko jimbo lolote na Montana ya kusini mashariki imepakana nayo hapo hapo. Na kuna barabara moja, namba 59, inaanzia Douglas, inapita Bill, Wright na Gillette, inavuka mpaka hadi Broadus halafu Miles City, na namba haibadiliki ukivuka. Douglas mpaka Miles City ni kama kilomita 450 tu. Ukitoka Denver asubuhi jioni uko Gillette umeshakula. Linganisha na mtu anayechanganya Wyoming na New Mexico, huyo nusu ya likizo anaimalizia kwenye usukani.

Sasa makaratasi, hapa soma taratibu. Wyoming mgeni anaomba kwenye dro, mwisho ni mwanzoni mwa Juni na majibu yanatoka mwezi huo huo. Robo tatu ya leseni za wageni zinakwenda kwa wenye pointi nyingi, robo inabaki bahati nasibu tupu, kwahiyo hata usiye na pointi usikate tamaa. Kuna bei mbili, ya kawaida ni kama dola 340 ukijumlisha ada ya maombi na ile wanayoita speshoo inapita 1,200, mnyama ni yule yule na msimu ni ule ule, unacholipia ni foleni yenye watu wachache zaidi. Mimi kwa pronghoni siwezi kumshauri mtu alipe speshoo, labda kama pesa inakuwasha. Mkiomba kikundi wanachukua wastani wa pointi zenu wote, kwahiyo mwenye pointi nyingi akijiunga na washkaji wasio na kitu ajue anawagawia.

Montana maombi yanafungwa 1 Juni ila majibu mpaka Agosti. Unaona tatizo? Bosi anataka ujaze fomu ya likizo mapema na Montana bado hujaijua. Dawa yake ni kuipanga likizo kwa Wyoming. Juni ukishapata Wyoming omba siku zako hapo hapo, Montana ikija Agosti ni nyongeza, isipokuja siku zile unazimalizia Wyoming au unarudi mapema. Na ukikosa Wyoming pia usikimbilie kufuta kila kitu, zile zinazobaki baada ya dro ya kwanza zinatolewa tena kiangazi hicho hicho, hasa za majike, na leseni ya jike ni bei poa sana. Ila jihadhari, leseni ikibaki bila mwenyewe mara nyingi kuna sababu, na sababu yenyewe ni ardhi, naifikia.

Tarehe za kuwa porini. Maeneo mengi ya Wyoming kaskazini mashariki yanafungua bunduki 1 Oktoba. Montana msimu wa kawaida wa bunduki 2024 ulifunguliwa Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba, 2025 tarehe 11. Kwahiyo likizo nzuri inaanza siku nne au tano kabla ya ile Jumamosi ya Montana. Jumanne mpaka Alhamisi unawinda Wyoming ambako fujo za siku ya ufunguzi zimeshapita, Ijumaa huwindi, nimeiandika makusudi huwindi, Ijumaa ni siku ya nyama na kuvuka mpaka, Jumamosi alfajiri uko Montana. Kila mtu anataka kuila hiyo Ijumaa na kila anayeila anaishia kuendesha usiku wa manane na deli linavuja damu nyuma. Thibitisha tarehe za eneo lako kwenye kitabu cha kanuni cha mwaka husika, zinatofautiana eneo kwa eneo hata ndani ya Wyoming yenyewe.

Cheti cha mafunzo ya uwindaji, Wyoming wanakidai kwa aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 1966, Montana kwa aliyezaliwa baada ya 1 Januari 1985, kwahiyo wengi wetu tunahusika. Ukisomea jimbo unaloishi vyeti vinatambulika kote, fanya wakati wa baridi usingoje Mei. Na suala la bunduki kwa wageni: mwenye green card hana shida, ila aliye kwenye viza ya matembezi sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza kushika bunduki, leseni halali ya uwindaji ikiwa ni moja ya vighairi. Kama ndugu anakuja toka Dar au Nairobi na anataka kupiga, hiyo leseni awe nayo mfukoni kabla hajagusa chochote, na kama hali yake ina utata muulizeni mwanasheria, sio mjumbe wa grupu la WhatsApp.

Haya, ardhi. Kaskazini mashariki ya Wyoming leseni ni rahisi kupata kwa sababu sehemu kubwa ni mali ya wafugaji binafsi. Unafika unaona pronghoni sitini wamelala mita mia mbili toka barabarani na hakuna hata mmoja unayeruhusiwa kumgusa. Pa kushika ni Thunder Basin National Grassland, mbuga ya umma ambayo vipande vyake vimetawanyika huku na huku kwenye ukanda huo wa 59, pamoja na ardhi za BLM, yaani idara ya shirikisho ya ardhi za umma, na zile za mpango wa Access Yes ambapo mfugaji amelipwa ili uingie. Montana wana Block Management, kuna mashamba unajiandikisha mwenyewe kwenye kisanduku getini, na mengine lazima upige simu upewe ruhusa, na hayo ya simu panga mapema maana siku zinajaa. Nunua programu ya ramani inayoonyesha mipaka na majina ya wenye ardhi, pakua majimbo yote mawili ukiwa nyumbani, mtandao ukitoka Gillette unakufa.

Kuna kitu kimoja watu wanachanganya. Viwanja vingine vya umma vimegusana pembe kwa pembe tu, vya watu binafsi vikiwa katikati yake kama ubao wa drafti, hasa kusini mwa Wyoming kufuata reli. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 10 (mizunguko ni kanda za mahakama za shirikisho) iliwapa ushindi wawindaji wa Missouri waliovuka pembe kule Elk Mountain, yaani toka kiwanja cha umma kwenda kingine bila kukanyaga ardhi ya mtu, na Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi. Hiyo inafunika Wyoming. Montana iko mzunguko mwingine, haifunikwi. Kwahiyo kitu ulichofanya kihalali Alhamisi kinaweza kukuletea kesi Jumamosi, barabara ile ile na ramani ile ile.

Na nguo pia: Wyoming kofia moja ya rangi ya chungwa inayong'aa inatosha, hata pinki wanakubali, Montana wanataka inchi za mraba 400 za chungwa kuanzia kiunoni kwenda juu. Vaa kizibao cha chungwa safari nzima yaishe.

Porini kwenyewe. Huyu mnyama haishi kama swala wa kwetu wanaojificha vichakani, anakaa wazi kabisa, macho makubwa yako pembeni mwa kichwa na akikimbia anakaribia kilomita 90 kwa saa, kwahiyo kumfukuza na gari ni ujinga na pia ni kosa. Anza juu ya kilima kabla jua halijapanda, darubini inayokuza mara 10 na uvumilivu, baadae joto likija hewa inacheza na huoni pembe vizuri. Dume ana doa jeusi shavuni. Sikio lake ni kama inchi 6, pembe ikiwa ndefu kupita masikio mawili na lile tawi la mbele limeanzia juu ya ncha ya sikio, huyo ni dume wa maana, na kwa safari fupi usimngoje mkubwa zaidi.

Ukishamchagua shuka, tafuta korongo linalokuficha, mwisho utatambaa. Hapo ndo utajua kwanini nasema beba glavu za ngozi na kinga za magoti, mipungate midogo midogo imelala kwenye nyasi huioni mpaka ikuingie. Akikushtukia akakimbia tulia, mara nyingi hafiki mbali na anaweza kurudi upande ule ule. Kingine, pronghoni hapendi kuruka seng'enge, anapita chini. Tembea kando ya uzio utaona mahali waya wa chini una manyoya meupe yamenasa kwenye miiba na udongo chini yake umelainika kwa kwato, hapo kaa mbali kidogo upepo ukiwa usoni usubiri. Kwa siku tatu hiyo inalipa kuliko kuzurura. Upepo wa kule hauna utani, kwahiyo hata ukiwa fundi wa mita 400 nyumbani kaa chini ya 250, na ukifika piga risasi mbili tatu za kuhakiki skopu kabla ya kuingia.

Akianguka, jaza tagi, ile karatasi ya leseni inayokaa na mnyama, kabla ya picha. Halafu ngozi itoke haraka, nywele zake zina uwazi ndani zinashikilia joto, na Oktoba mchana kunaweza kuwa na jua kali. Zile nywele zinang'oka ovyo na zikigusa nyama zinaiachia harufu, kwahiyo kisu kipite chini ya ngozi kikitoka ndani kwenda nje, sio kukata toka juu ya manyoya. Wanaosema nyama ya pronghoni inanuka wengi walizunguka nayo juu ya gari nusu siku. Ndugu zetu Waislamu, bismillah ni wakati wa kufyatua na ukimkuta ana uhai unachinja, mengine mmuulize shehe wenu kabla ya safari.

Dume mmoja anakupa kilo 15 mpaka 20 bila mifupa, deli moja kubwa linatosha kwa mmoja, beba mawili. Barafu iwe kwenye chupa zilizofungwa ili nyama isiogelee. Na hapa majimbo mawili yanakutana: kuvusha mnyama aliyepatikana kinyume cha sheria toka jimbo moja kwenda lingine ni kosa la shirikisho, Lacey Act ya 1900 hiyo, na ukifungiwa jimbo moja mengine mengi yanakufungia pia. Kwahiyo tagi ya Wyoming ikae na nyama ya Wyoming, ushahidi wa jinsia uache kama kanuni inavyotaka, deli liandikwe, lisichanganywe na la Montana hata kama nafasi imebaki.

Mvua ikinyesha usiingie njia za udongo, ule mfinyanzi wa kule ukilowa hata fowili inakaa. Subiri kwenye lami mpaka pakauke, au vuka mpaka mapema. Na dro ikikunyima kabisa, Wyoming wanauza pointi za mwaka kuanzia 1 Julai mpaka 31 Oktoba, nunua uombe tena Juni inayofuata.