Kiharusi kinapompata mtu: namna ya kuziokoa sinapsi, yaani maungio ya seli za neva za ubongo

Mtu akipinda uso ghafla, mkono ukamlegea au maneno yakamkwama, kwanza tazama saa na uandike wakati alipoonekana mzima mara ya mwisho, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu wakati huo, tena baada ya picha ya CT (eksirei inayoonyesha ndani ya ubongo tabaka kwa tabaka) kuthibitisha kwamba ubongo hauvuji damu. Usimpe aspirini, chakula wala maji. Mpeleke moja kwa moja kwenye hospitali yenye kipimo hicho, hata kama zahanati iko karibu zaidi.

Haraka hii ina sababu nzito. Mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika hufa takriban seli za neva milioni 1.9, na sinapsi zipatazo bilioni 14 hupotea. Seli zilizokosa oksijeni humwaga glutamati, kemikali ambayo seli za neva hupashana nayo habari, kupita kiasi, kisha kalsiamu hufurika ndani ya seli jirani na kuamsha vimeng'enya, kama vile kalpaini, vinavyokatakata protini zinazoishikilia sinapsi, ikiwemo PSD-95.

Daktari akisharuhusu, mfanyishe mgonjwa kazi halisi, kama kushika kikombe au kufunga vifungo, kwa kurudiarudia kila siku, maana sinapsi mpya hujengwa kwa matumizi, hasa katika miezi ya mwanzo.