Mlango wa chuma wa gereji Nairobi: kuzuia joto ukiwa ng'ambo

Gereji nyingi za nyumba zilizojengwa na watu walio nje hazilali gari. Ndani mna makochi na mashine zilizoshuka na kontena, mna mikebe ya rangi iliyobaki, pengine mdogo wako ameweka cherehani humo au mama ameigeuza chumba cha kufulia. Mlango ukiwa wa chuma na umeelekea magharibi, chumba hicho hakikaliki kuanzia saa nane mchana mpaka jua litue. Rangi inaganda mikebeni, gundi za samani zinaachia, na anayefanya kazi humo anahamia uani. Dawa yake ni karatasi mbili za polistirini, yaani povu gumu, bati jembamba na siku chache za fundi, mradi kazi ipangwe vizuri kabla pesa hazijatumwa.

Jambo la kuelewa kwanza ni aina ya joto unalopambana nalo. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Hata Januari hadi Machi, miezi yenye joto zaidi, hewa ya mchana kivulini huwa karibu nyuzi 26 hadi 28. Hewa hiyo haimsumbui mtu. Kinachosumbua ni jua lenyewe: bati lililopakwa rangi nyeusi hupita nyuzi 50 kwa urahisi, kisha humiminia joto ndani kama jiko, hata kama upepo wa nje ni mwanana. Huko uliko umezoea pamba nene ya kuhifadhi hewa ya moto ndani ya nyumba. Uingereza hushauriwa kuweka unene wa milimita 270 darini. Ukija na hesabu hiyo Nairobi utalipia unene usiouhitaji, na bado utakosa kile hasa kinachozuia mnururisho (joto linalorushwa na kitu cha moto bila kukigusa), yaani uso unaong'aa wenye mwanya wa hewa mbele yake.

Kabla ya mlango, tazama paa. Jiji liko zaidi kidogo ya nyuzi 1 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri huangukia juu ya mabati, si mlangoni. Mlango wa mashariki huchomwa mpaka saa tano hivi asubuhi. Wa magharibi huchomwa tangu saa nane hadi karibu saa kumi na mbili na nusu. Wa kaskazini au kusini haupati la maana, ingawa wa kusini huguswa kidogo Desemba na Januari. Gereji ikiwa na mabati matupu bila dari, anza huko, kwa sababu paa ni kubwa kuliko mlango na halipumziki kutwa nzima. Karatasi ya alumini iliyotandazwa chini ya mabati, ikiachiwa mwanya wa milimita 25 au zaidi na uso unaong'aa ukitazama chini ili usishike vumbi, hupunguza sehemu kubwa ya joto hilo. Mlango wa magharibi ndio unaofuata. Ule wa kusini mara nyingi utatosheka na rangi nyeupe tu, basi.

Jua pia ni mlango wa aina gani. Omba video fupi ya mlango ukifunguliwa na kufungwa, ukionekana kwa ndani. Mlango wa shata, ule unaojiviringisha juu ya kizingiti, haubandikwi kitu chochote. Vipande vyake vitashindwa kuingia kwenye boksi. Huo upake rangi nyeupe au uwekee kivuli kwa nje. Mlango wa vipande vinavyopanda na kulala darini unabebwa na springi zilizosawazishwa na uzito wake. Vuta kamba ya kuuachanisha na mota, uinue kwa mkono hadi kiunoni, uachilie taratibu: ukibaki palepale, springi ziko sawa; ukishuka wenyewe, ziko dhaifu hata kabla ya kuongeza kitu. Mlango wa namna hii wekea povu jepesi lenye alumini ya kiwandani, bila bati la ndani, kila kipande kiishie milimita 5 kabla ya maungio na bawaba, kisha rudia jaribio lile. Springi iliyokazwa juu ya mlango ina nguvu ya kuvunja mkono. Asiiguse fundi wa kawaida, aitwe anayezijua. Na kabla ya hayo yote, gonga mlango: milango mingi ya kisasa ya aina hii imejazwa povu tangu kiwandani, nayo hulia kwa sauti nzito isiyo na mwangwi. Huo haudai kazi yoyote.

Mlango ulio wengi zaidi Nairobi ni ule uliochomelewa na mafundi wa jua kali: mbawa mbili, fremu ya tyubu za mraba za milimita 40 kwa 40, bati la milimita 1.5 likiwa upande wa nje. Huo ndio rahisi kuliko yote, kwa sababu tyubu zenyewe zinakuachia kina cha milimita 40 kwa ndani. Hesabu inayofuata ni ya mlango wenye upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.1, kila ubawa ukiwa na tyubu mbili za kulala katikati zinazougawa katika nafasi tatu. Wako ukitofautiana, badilisha vipimo lakini mpangilio uwe uleule.

Nunua karatasi 2 za polistirini ya milimita 25, za futi 8 kwa 4. Ni lile povu jeupe gumu linalofungiwa televisheni, ila omba lenye msongamano wa kilo 15 kwa mita ya ujazo au zaidi. Jepesi kuliko hilo humomonyoka likikatwa. Bidhaa hii haina ugeni hapa, maana Shirika la Nyumba la Taifa lina kiwanda cha paneli zake Mavoko. Ongeza mita 5 za karatasi ya alumini yenye upana wa mita 1.2, mabati bapa 2 ya geji 30 ya futi 8 kwa 4, riveti 100 za milimita 4, mita 18 za utepe wa sponji wenye gundi, redi oksaidi (rangi ya kuzuia kutu), na rangi nyeupe ya mafuta ya nje. Usitume povu kwa kontena: litakula nafasi ya bure. Cha kubeba kwenye sanduku ni kipimajoto cha infraredi, kidogo na hakina uzito.

Kazi inaanza kwa chuma. Kila kinachohitaji kuchomelewa, bawaba iliyolegea, komeo, mahali pa kufuli, kichomelewe sasa, kwa sababu povu likishaingia cheche moja ya grainda inatosha kuliwasha, na polistirini huwaka kwa moshi mweusi mzito huku ikidondosha matone ya moto. Kisha fundi atoboe tyubu za kulala kutoka juu hadi chini, pamoja na ile ya mwisho sakafuni, tundu la milimita 6 kila sentimita 30, karibu na bati la nje. Ni hatua ambayo mafundi wengi huiruka kwa kuwa faida yake haionekani siku hiyo. Usiku wa Juni hadi Agosti mlango hupoa, unyevu wa hewa ya ndani hugeuka matone kwenye chuma, na matone hayo yasipopata njia ya kutoka hukaa juu ya tyubu na kuila kwa kutu mahali usipopaona. Baada ya kutoboa, chuma chote kikwaruzwe na kupakwa redi oksaidi mara mbili, mpaka ndani ya matundu.

Sasa povu. Kila nafasi ya ubawa itakuwa na upana wa karibu milimita 1,120 na kimo cha 647. Kata vipande vizidi nafasi kwa milimita 2 ili viingie kwa kusukumwa. Karatasi moja inatoa vipande vitatu vya ubawa mmoja, na kinachobaki, karibu nusu mita, kinakatwa viwe vigingi vidogo vya sentimita 5 kwa 5 vyenye unene wa milimita 15. Bandika alumini upande mmoja wa kila kipande, kisha juu ya alumini bandika vigingi vitano, kimoja kila pembe na kimoja katikati. Kipande kiingizwe alumini ikitazama bati la nje, vigingi viguse bati, na mgongo wa povu uwe sawa na ukingo wa tyubu. Milimita 25 za povu na 15 za mwanya zinakuwa 40 kamili.

Mwanya huo ndio kazi yenyewe. Alumini iliyobandikwa moja kwa moja kwenye bati hairudishi kitu, kwa sababu joto linapita kwa kugusana. Ikiwa na hewa mbele yake hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya mnururisho unaoifikia. Fundi akikwambia amebana povu likashika bati barabara, asifiwe kwa bidii lakini alitoe.

Gundi nayo ina mtego. Gundi ya mkebe yenye harufu kali wanayotumia maseremala na washona viatu huyeyusha polistirini. Utakuta povu limekuwa na mashimo kama limeliwa na mchwa. Tumia gundi ya maji, au ile ya ujenzi iliyoandikwa kwamba inafaa povu.

Mwisho wa ndani ni bati la geji 30, karatasi moja kila ubawa, ikikatwa kidogo pembeni na kuachwa wazi sentimita 3 kuzunguka kufuli na makomeo. Chini yake utepe wa sponji ubandikwe kwenye tyubu zote, ili bati lisiguse fremu yenye joto. Riveti zikae kila sentimita 20. Bati hili ni la kuzuia moto, panya na vidole vya watoto, kwa hiyo usiliache kwa nia ya kubana matumizi. Bodi ya jipsamu haifai mlangoni, itaongeza kilo zaidi ya 40. Mpangilio huu unaongeza karibu kilo 12 tu kwa mbawa zote mbili, na bawaba nzima hazitalalamika.

Je, uongeze povu liwe inchi mbili? Inchi moja peke yake hupunguza joto linalopita katikati ya paneli kwa karibu asilimia 80. Ya pili inaongeza asilimia 9 hivi, na kwa mlango huu ingekula mwanya wote. Pesa hiyo ipeleke kwenye rangi: nyeupe kwa nje hufukuza sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto, ilhali nyeusi, ambayo mageti mengi ya Nairobi yamepakwa, hulimeza karibu lote. Paka Januari au Februari, au Agosti na Septemba; wanaorudi likizo ya Desemba mara nyingi hukuta mvua za vuli hazijaisha.

Usizibe kila upenyo. Gereji inaweza kuhifadhi gari, jenereta na mara nyingi mtungi wa gesi, na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya sakafuni. Acha milimita 15 hadi 20 chini ya mlango, pamoja na matundu ya hewa juu ukutani upande wa pili. Usiku wa Nairobi ni wa baridi, na hewa ikiingia chini na kutokea juu huondoa joto la mchana bila gharama.

Kuhusu kusimamia ukiwa mbali: vifaa vilipwe moja kwa moja kwa till (namba ya malipo kwa simu) ya hadwea, risiti ipigwe picha, na ujira wa fundi ugawanywe sehemu tatu. Ya kwanza itoke ukiona video ya chuma kilichopakwa redi oksaidi na matundu yakipitisha mwanga wa tochi. Ya pili itoke povu likiwa ndani kabla ya bati kufungwa, futi ya chuma ikiwa imechomekwa pembeni kuonyesha milimita 15. Picha za kazi iliyokwisha kufungwa hazikuonyeshi chochote.

Kwa kupima, aliye nyumbani achukue kipimajoto cha infraredi saa tisa mchana siku ya jua, kabla na baada ya kazi, mahali palepale. Kipimajoto hicho hudanganywa na chuma kinachong'aa, kinasoma joto la chini kuliko lilivyo. Kwa hiyo abandike kipande cha utepe wa karatasi kwenye bati la ndani, angoje dakika chache, ndipo alenge utepe wenyewe. Na kabla sehemu ya tatu ya malipo haijatoka, amwagie mlango maji ya mpira kwa nje kwa dakika 10, kisha achungulie chini: yaliyopenya yatokee matunduni upesi, na bati la ndani libaki kavu.