Kadi ya grafiki kwa OptiPlex ya mtumba: anza na wati

Kompyuta za ofisi za mtumba, hasa Dell OptiPlex na HP EliteDesk, zimejaa Dar es Salaam na Nairobi, na nyingi huishia kuwa mashine za gemu. Prosesa ya Core i5 imo, bei inavumilika, kinachokosekana ni kadi ya grafiki. Wengi huchagua kadi kwanza, halafu ndipo wanauliza kama itaingia. Fungua kasha kabla hujaenda dukani, usome kibandiko cha pawa saplai.

OptiPlex 7040 ya kasha jembamba ina wati 180; ya kasha kubwa ina 240. Kwenye 9020 ni 255 na 290. Sloti ya PCIe, yaani ile kadi inamochomekwa, yenyewe inatoa wati 75 tu. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huomba waya wa pini 6, unaoongeza wati 75, au wa pini 8, unaoongeza 150, na saplai hizi za ofisi kwa kawaida hazina waya hizo. Kwa hiyo, ukibaki na saplai iliyokuja na mashine, tafuta kadi isiyo na tundu la umeme kabisa.

Hapo chaguo letu la kwanza ni RTX 3050 ya GB 6. Inakula wati 70, na kuna matoleo yenye kimo kifupi yanayoingia kwenye kasha jembamba. Lakini soma boksi kwa makini: RTX 3050 ya GB 8 ina jina lilelile, inakula wati 130 na inahitaji waya wa pembeni. Pesa ikipungua, GTX 1650 ya GB 4 bado inacheza gemu nyingi kwenye skrini ya 1080p ukishusha mipangilio. Ikague kwa macho, maana baadhi ya matoleo yake yana tundu la pini 6. RX 6400 inashawishi kwa wati zake 53, ila inatumia njia 4 tu za data za PCIe, na mazabodi (bodi kuu) za mashine hizi ni za PCIe 3.0, toleo la zamani lenye kasi ndogo, kwa hiyo kasi inapungua. Tena haiwezi kurekodi gemu yenyewe, kwa kuwa haina kisimbaji cha video, yaani sehemu ya kubana video; kazi hiyo inaiachia prosesa. Kadi za Intel Arc ziache: zinahitaji Resizable BAR (uwezo wa prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo), ambayo mashine hizi hazina.

Ukiambiwa ununue adapta ya kugeuza plagi ya SATA kuwa pini 8, kataa. Plagi ya SATA imeundwa kubeba takriban wati 54 kwenye volti 12. Ukiitwika mzigo wa kadi kubwa, plastiki inayeyuka. Kama unataka RX 6600 (wati 132) au RTX 3060 (wati 170), badilisha saplai nzima, wati 550 za kampuni inayoaminika, tena kwenye kasha kubwa. Kumbuka waya wa kugeuza: mazabodi za Dell hizi zina plagi ya pini 6 au 8 mahali pa ile ya kawaida ya pini 24.

Kabla ya kupanda hadi kadi hizo, ipime prosesa. Kama tayari una kadi ndogo, cheza gemu lako kwa 1080p, kisha lishushe hadi 720p. Fremu (picha kwa sekunde) zisipoongezeka, anayekuchelewesha ni prosesa au RAM, na kadi mpya haitakusaidia. i7-6700 inakaa mahali pa i5-6500 bila kubadilisha mazabodi, na RAM mbili za GB 8 zinashinda moja ya GB 16.

Kadi za mtumba zina feki nyingi. GTX 1050 Ti yenye tundu la buluu la VGA ni feki, basi: familia ya GTX 10 haitoi picha ya VGA. Mwombe muuzaji aiwashe, fungua GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi; ikigundua kadi iliyobadilishwa jina, huandika FAKE mbele ya jina. Kwa RX 580, tazama mstari wa Shaders: halisi ina 2304. Ukiona 2048, kiini chake kina uwezo wa RX 570, basi ilipe bei ya RX 570.

Sasisha BIOS (programu ya mazabodi inayowasha mashine) kabla ya kufunga kadi, huku mashine ikiwa kwenye UPS, kwani umeme ukikatika katikati mazabodi inaweza kufa. Hakikisha kwenye mipangilio ya BIOS kwamba mashine inawaka kwa UEFI, njia mpya ya kuwaka, siyo ile ya zamani ya Legacy. Kisha chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 5, gusa chuma cha kasha, ndipo usukume kadi mpaka kibano kilie. Kaza skrubu. Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi. Ukiuacha kwenye mazabodi utapata kiza, au gemu litaendelea kutumia grafiki ya prosesa. Ukihama kutoka AMD (kadi za RX) kwenda NVIDIA (za GTX na RTX), futa draiva za zamani kwa DDU, programu ya kufuta draiva za grafiki, ukiwa ndani ya Safe Mode ya Windows, la sivyo gemu linaweza kuganda bila sababu inayoonekana.